Mikono Iliyobaki Kiwandani

Mdogo wangu mpenzi,

Huku tu wazima. Mtoto ameota jino na kuning'ata anajua, kwa hiyo usingizi nausikia kwa majirani tu.

Umeniuliza kama ukubali kuvaa zile glavu za kufundishia mashine, zinazonakili kila mwendo wa mikono. Mimi nilizivaa nikiwa mjamzito, nikikunja mashuka pale kwenye kiwanda cha kufulia. Nilipojifungua, msimamizi akaniambia, "Dada, mikono yako tumeiajiri, wewe kapumzike."

Juzi nilirudi kuomba kazi yoyote, hata ya kufagia. Nikakuta mikono ya chuma imejipanga ukuta hadi ukuta, inakunja mashuka kama mimi kabisa. Ghafla yote ikasimama. Ikashuka pamoja, ikaanza kupapasa hewa mbele yake, taratibu, kwa kuzungusha. Mdogo wangu, hivyo ndivyo nilivyokuwa nikimtuliza mwanangu akinipiga teke tumboni.

"Hapo tu ndipo tumeshindwa kuirekebisha," msimamizi akasema, akicheka.

Najua unaitaka kazi, na tumbo lako linakua. Ukizivaa sitakununia. Ila mwanao akicheza, vua kwanza ndipo umshike. Wakikukataza kuvua, waachie glavu zao uje kwangu, tutabanana.

Ni mimi dada yako, ninayekuwaza.