Nduma Zilizolazwa Kwenye Boksi

Mama,

Mulembe. Mguu umepoa tangu ulipoteleza kisimani? Na yule ng'ombe mwekundu ameshazaa? Mimi mwili ni mzima, ila nimejaa kinyaa mpaka kooni. Nakuandikia kwa karatasi kwa sababu simu yako inashikwa na Makokha, na hii habari inamgusa yeye.

Unakumbuka huyo ndugu yangu alivyokupokonya simu akaniambia, "Dada, hizo nduma za marehemu mzee kule mtoni haziletangi kitu. Wacha ning'oe nipande miwa." Nami nikamjibu ang'oe tu, nani anakula nduma siku hizi. Wewe uliguna, Mama. Nilikusikia.

Sasa sikia. Huku Kanada baridi imeingia, udongo umekuwa mgumu kama sakafu ya kanisa. Bi Helen, yule mzee ninayemtunza, alinituma chumba cha chini ya nyumba. "Nenda uangalie kama wanalala vizuri," akasema. Mimi nikadhani ana paka.

Nilipofungua mlango nilipigwa na harufu ya panya aliyeoza. Hakukuwa na paka. Kulikuwa na boksi la maranda ya mbao, na ndani yake nduma! Tisa, kila moja imeviringishwa gazeti. Mbili zilipasukia mikononi mwangu zikatoa ute mweusi, nikajipangusa ukutani huku natema mate. Lakini zile nyingine zilikuwa ngumu, nzuri, na mimi tangu nifike nalishwa majani mabichi na jibini inayonuka soksi. Nikaona huyu mama amesahau chakula chake. Nikachukua nne nikachemsha, nikapika na chai.

Tonge la kwanza tu, koo likawasha kama nimemeza upupu. Ulimi ukavimba. Bado nasukutua maji, Bi Helen akaingia na mkongojo wake, akaona maganda kwenye sinki. Hakupiga kelele. Alisema, "Hayo yalikuwa maua."

Maua, Mama! Watu wazima wanapanda nduma watazame majani, halafu wanaziacha zioze kwenye boksi! Nilitaka kumwambia nchi yao inanitia kichefuchefu. Basi akaketi, akanieleza kwamba mbegu ilipandwa na marehemu mumewe mwaka walipohamia nyumba ile. Baridi ingeziua, kwa hiyo kila mwaka kabla ya barafu mzee alizichimba, akazianika, akazilaza kwenye boksi mpaka joto lirudi. Alipofariki, mkewe akaendelea. Mwaka huu magoti yamemkatalia, ndiyo maana akanituma mimi.

Kinyaa chote kikanigeukia mimi mwenyewe. Mume wa mtu nimemmenya nikamchemsha.

Zimebaki tatu. Kila Jumamosi nashuka, nakata palipooza kwa kisu, nabadilisha maranda. Harufu ile haizoeleki, nanawa mikono hata mara tano na bado naisikia nikila. Lakini nashuka. Bi Helen husimama juu ya ngazi akauliza, "Wanalala?" Namjibu wanalala.

Mama, nduma za Baba hazihitaji boksi wala gazeti. Alizipanda akaondoka, na mto unazinywesha wenyewe. Zinachohitaji ni Makokha aweke jembe chini. Nilikosea kumruhusu, na ninaaibika kuwa ilibidi nile maua ya mgeni ndipo nilijue hilo. Kama ameshang'oa, tafadhali shuka polepole na huo mguu, upapase kwenye tope. Huwa kunabaki vitoto. Hata kimoja, kirudishe udongoni.

Msalimie senje wa Butere, dada yake Baba, umwambie ile shuka yake nyekundu ndiyo blanketi langu. Msalimie na mama mchungaji anayekusomea barua miwani ikipotea. Makokha simsalimii bado. Atapata salamu zake siku utakayoniambia kwamba mtoni kuna jani.

Ni mimi binti yako niliyesema "ang'oe tu",
Muhonja