Uso Wako Ukutani Minago

Rumonge, Jumapili ya pili ya Novemba.
Mwaka wa tatu umeshaingia tangu nitoke nyumbani Urambo.

Mke wangu Mama Shani,

Naomba barua hii ikukute umekaa chini, si umesimama jikoni ukisema ngoja kwanza nigeuze ugali. Mgongo unaendeleaje? Shani bado anakohoa asubuhi? Mimi ni mzima, ila mabega yananiuma na vidole vimechubuka kwa kusugua kuta. Mvua zimeanza, ziwa limechafuka, na ndagala, yaani dagaa wa huku, hawashikiki kwa bei.

Kwenye simu tunaongea dawa na ada mpaka salio linakatika, ndiyo maana hili nimeliandika. Ni habari ya uso wako. Niliuchora ukutani bila kukuomba ruhusa, watu wakaupenda, kisha kampuni ikaniamuru niubadilishe au niache kazi. Nataka ulisikie kutoka kwangu kabla madereva wa malori ya huko hawajakufikishia.

Unajua kazi yangu. Mimi nasugua ukuta, naziba nyufa, napaka rangi ya chini. Anayechora ni fundi Astère, Mrundi wa Kizuka, mtu mwema mwenye maneno mengi. Kampuni ya sabuni inatafuta duka lenye ukuta unaotazama barabara. Mwenye duka anapakiwa rangi bure na jina lake linaandikwa juu, halafu chini yake inachorwa sabuni. Tumefanya hivyo pwani yote ya ziwa.

Minago tulipewa duka la Mama Zuhura, karibu na soko la mawese. Kampuni ilikuwa imetupa karatasi yenye picha ya kufuata: mwanamke anafua, anacheka, ameinua mche wa sabuni. Astère alikuwa amemnunulia mkewe chupa ya mawese akaitia mfuko mmoja na ile karatasi. Njiani kizibo kikalegea. Tulipoikunjua karatasi, ndoo inaonekana, sabuni inaonekana, lakini pale penye uso pamekuwa doa jekundu tupu.

Astère akacheka, kisha homa iliyokuwa ikimnyemelea ikamlaza. Akaniambia, "Baba Shani, wewe unajua wanawake. Tia uso wowote, mi nalala."

Uso wowote siujui. Ninaoujua ni mmoja. Nikakuchora unavyofua kweli: povu limefika kwenye viwiko, unajifuta jasho kwa mkono wa juu kwa sababu viganja vimelowa, na unamtazama kwa pembeni mtu aliyekuja kuuliza chakula kiko wapi na ndoo bado imejaa. Kovu la kwenye nyusi nililiweka. Sabuni niliikumbuka mwishoni, nikaiweka chini karibu na mguu wako.

Siku mbili tu, wauza mawese wakawa wanaegesha baiskeli pale kukutazama. Wanawake wakitoka sokoni wanakuamkia, "Amahoro, mama!" Mmoja alimvuta mumewe mkono mbele yangu. "Angalia huyu. Hivi ndivyo mi nakuangaliaka, wewe unasema nimenuna." Walevi wakawa wanapita upande wa pili wa barabara. Duka likaacha jina lake, sasa ni Kwa Mama Mukali.

Nisikufiche, nilifurahi. Tangu nianze kazi hii hakuna mtu aliyewahi kusimama mbele ya ukuta nilioushika.

Kisha akaja bwana wa matangazo kutoka Bujumbura, kijana mwenye viatu safi. Akatazama muda mrefu. Akaniuliza nani kachora, nikasema mimi.

"Umechora vizuri," akasema. "Ndiyo shida yenyewe. Hii si piblisite, si tangazo, hii ni tabulo, picha ya kupamba nyumba. Tabulo mutu anaitundika saluni kwake, pale anapokaribisha wageni. Piblisite inamuambia mutu: nunua! Huyu mama iko anamuambia mutu: ondoka hapa!"

Mama Zuhura akadakia toka dirishani. "Lakini wateja wameongezeka, patron. Wanakuja kumuangalia, wananunua chumvi, wananunua sukari."

"Na sabuni?"

"Sabuni wananunua ile ya kukata. Ya mawese, ya hapa hapa."

Watu walicheka mpaka yule kijana naye akacheka. Lakini hakubadili neno. Akasema kovu litoke, mche wa sabuni upande mkononi, na mama acheke. La sivyo kuta zilizobaki watapewa wengine, pamoja na mshahara wetu. Na Astère ana watoto sita.

Kwa hiyo nilipanda ngazi. Kovu nililifuta. Sabuni nikaipandisha. Nikafika mdomoni, nikachovya brashi, nikasimama. Mama Shani, sikukumbuka unachekaje. Meno yako nayajua, mdomo naujua, lakini jinsi vinavyokaa ukicheka sikuipata. Nilijaribu mara kadhaa, kila mara anatokea mtu mwingine. Nikakumbuka siku ile uliyonisindikiza stendi, hukucheka. Na kabla ya hapo, mwaka ule wa tumbaku kuungua, sidhani kama ulicheka.

Nikashuka. Astère, homa imempungua, akapanda akamaliza kwa dakika chache. Alimtia cheko la wale wanawake wa kwenye kalenda, meno yote nje. Akaniuliza, "Sasa umeona kazi?" Nikamwambia nimeona, ni kazi nzuri, na sikumdanganya. Kijana wa Bujumbura alipiga picha akaondoka ameridhika.

Wanawake wa sokoni hawamwamkii tena. Mama Zuhura anasema sabuni imeanza kutoka. Sijui nani ana haki. Kampuni ililipia ukuta iuze sabuni, na sabuni inauzwa. Mimi najua tu kwamba kwa wiki moja ulikuwa Minago pamoja nami, na sasa pale yupo mtu nisiyemjua.

Nisalimie mama mkwe, mwambie dawa ya miguu nimeipata. Nisalimie shemeji yangu fundi baiskeli, na jirani yetu mshonaji anayekuletea maji ukiumwa. Shani mwambie baba amempatia daftari la kuchorea.

Kuta zilizobaki, mpaka Kabonga kule mpakani, zitakwisha mwisho wa mwezi ujao. Astère ananitaka niendelee naye mwaka mpya, nimemkatalia. Wiki ya kwanza ya Januari nitakuwa nyumbani. Siku hiyo usijilazimishe kunichekea. Kama una hasira, kaa nazo. Nitakuwepo mpaka ucheke mwenyewe.

Ni mimi mumeo,
Baba Shani