Mzee wa Kamera na Mgongo Wangu

Shangazi, mmeamkaje hapo Bungoma? Huku Kitale mvua imenyesha asubuhi yote, na watu wamevaa nguo za kanisa na gambuti za shamba, na bado wanapendeza. Nje ya soko nimesimamishwa na mzee ambaye amepiga picha mavazi ya watu wa mji huu tangu akiwa kijana. Nikaweka nywele sawa, nikatabasamu.

"Hapana, mama. Geuka."

Akapiga magoti kwenye matope, na suruali yake safi hivyo, akaipiga picha ile mikunjo uliyonishonea mgongoni mwa gauni. "Si huyu fundi anajua kazi, bana. Ni nani?"

Nikamtajia majina yako yote. Mungu akutunzie hiyo mikono unayosema imezeeka, na cherehani usimpe mtu.

Wako, Nekesa