Ekstensheni ya Doña Aurea Imefika kwa Chago

Mshauri wangu, naandika nikiwa na aibu, naomba unisaidie, maana hapa kwetu mlimani tangu kimbunga kipite umeme haujarudi na mwenye jenereta ni mimi peke yangu, mwanangu aliyeko Orlando alinitumia, basi nikampitishia ekstensheni juu ya ukuta jirani yangu Doña Aurea, mama mzee anayepumua kwa mashine ya oksijeni, naye kila siku ananiletea kahawa na wali wa mbaazi, tukaishi vizuri. Mara jenereta ikaanza kuzimikazimika, nikaufuata waya, nikakuta kwa Doña Aurea umeungwa mwingine, umetokea dirishani mpaka nyumba ya pili, kwa Chago! Chago yule yule aliyeukata mshelisheli wangu bila hata kubisha hodi! Nikamuuliza, "Umempa Chago umeme wangu?" Akasema, "Mwanangu, ni friji tu, mkewe ana dawa ya sukari. Mimi nimepewa, ningemnyimaje?" Nikapandwa na hasira, nikachomoa waya, nikamwambia, "Basi kaeni nyote gizani!" Akakaa ameshika kifua, anavuta pumzi kwa shida. Nikarudi mbio nikachomeka. Akasema, "Asante, mwanangu, Mungu akubariki," lakini tangu hapo hanitazami usoni. Sasa nimkatieje Chago bila kumuumiza mama wa watu? Kwani jenereta si yangu?

Nereida

Nereida, jenereta ni yako, nani kabisha? Na pole, makelele yale na moshi kutwa nzima, na foleni ya petroli, vinachosha. Lakini usinizungushe. Hukuja kuuliza habari za umeme, umekuja na mshelisheli wako. Chago amekukosea, ukaenda kumchomolea mashine mtu asiyeweza kupumua! Na ile asante unadhani ni shukrani? Bibi wa watu anakuogopa. Hata mimi ningekuwa yeye nisingekutazama.

Naye bibi amekosea kidogo, kuunga waya juu ya waya ni kutafuta moto, na jenereta inalemewa. Chago ndiye mwoga, alipaswa kuja kwako mwenyewe. Ila na wewe jiulize angekuja kwa uso gani, salamu zake huitikii.

Leo hii, kungali mchana, nenda kwa Chago. Usisubiri aje. Mwambie, "Lete ekstensheni yako, ile nene, uchomeke kwangu moja kwa moja. Friji tu. Nikisikia umewasha pasi, tutaonana! Na petroli tunakwenda kwa zamu." Jenereta ikilemewa, zima friji yako kwanza, kisha yake, mashine ya Doña Aurea isiguswe. Mti mtaugombania umeme ukirudi.

Halafu mwende nyote wawili kwa Doña Aurea, umwambie, Chago akisikia: "Mama, waya wako siuchomoi tena, hata nikigombana na huyu, hata nikigombana na wewe."