Cheche Ndani ya Chupa Isiyo na Hewa

Mbuya, Kampala

Akello, mke wangu mdogo,

Bibi yako anakusalimu kwa wivu na goti bovu. Barua yako imetunyima usingizi. Unauliza cheche ilirukaje ndani ya chombo chenu cha maabara kilichotolewa hewa yote, na kama umekiua.

Ujanani, karakanani kwetu, tulibaki na taa moja tu ya mtambo wa redio, chupa isiyo na hewa. Wasswa, mwenzangu, alikuwa akiipandishia umeme haraka. Fundi mkuu, mtu wa Gulu, akapiga kelele: "Pole! Pole!" Alitaka kusema polepole. Wasswa akadhani anapewa pole.

"Asante, mzee," akajibu, akazidisha.

Mwanga wa buluu ukamulika, fyuzi ikakatika.

"Sasa pole," mzee akasema.

Kisha akatueleza. Chuma, hata king'ae vipi, kina vinundu visivyoonekana. Umeme hujazana kwenye ncha zake, ncha huchemka na kuwa mvuke, na umeme hupita kwenye mvuke huo. Cheche ndogo huunguza kinundu, uso wa chuma ukatakata. Kubwa huchimba shimo. Fyuzi ilikuwa imewahi kukata umeme kabla ya shimo. Tukaanza upya, pole ya kweli, na taa ikashika.

Chombo chako huenda ni kizima. Anzia umeme wa chini kabisa, upandishe polepole. Ila mkono mmoja uwe mfukoni, mama, umeme usipate njia ya kupita kifuani mwako. Ukizima mtambo, tupigie kabla hujanawa. Bibi yako ameishika simu tangu asubuhi, na mimi nimekatazwa hata kuigusa.

Babu yako mtundu