Gloriosa, na neno la Godelive

Jumapili, baada ya misa. Mvua imeanza asubuhi na haijakoma. Sijalala vizuri tangu Ijumaa.

Acha niandike tu.

Nafundisha biolojia hapa Kamina; Godelive anafundisha jiografia. Ni rafiki yangu tangu utoto, na ndiye marraine wa binti yangu, aliyemshika siku ya ubatizo. Kwa siku ya wazazi shuleni tulichagua kueleza pamoja jenasi moja ya mwituni, Gloriosa: yale maua mekundu yenye petali zilizopinda juu kama miali ya moto, yanayotambaa vichakani kando ya reli wakati wa mvua. Mimi nilishika uainishaji. Vitabu vyetu vya zamani vinaiweka katika familia ya mayungiyungi. Siku hizi iko katika familia nyingine, Colchicaceae. Godelive alichora ramani ya maeneo yake ya asili. Tulifanya kazi hiyo mezani kwangu, tukicheka.

Ijumaa prefe, mkuu wetu wa shule, akaniambia Godelive ataongea peke yake.

"Ni yeye njo alisema. Muzuri mutoto wa hapa aongee na bageni."

Nilidhani sikusikia vizuri. Nikamfuata Godelive darasani.

"Usikasirike, yaya," alisema, akiniita dada kama siku zote, huku akiikunja ramani. "Baba yako alikuya na treni kutoka Kasai. Kila muntu anajua."

"Miye nilizaliwa hapa. Tulikomea pamoja na weye, tangu batoto."

"Najua. Lakini asili iko asili."

Alilisema polepole, kama anavyowaeleza wanafunzi wake.

Neno hilo, la kutuita wageni sisi ambao wazazi wetu walitoka Kasai, nimelisikia sokoni, nimelisikia wakati wa uchaguzi, likapita. Kutoka kinywani mwake halikupita.

Jana, siku ya wazazi, nilikwenda kwa ajili ya binti yangu. Nilisimama nyuma. Mke wa askari mmoja wa kambi ya jeshi aliuliza kama ua hili ni la Kamina tu. Godelive akapitisha kidole kwenye ramani: Afrika Magharibi, Kasai, hapa kwetu, Zambia, chini mpaka kusini, kisha ng'ambo ya bahari mpaka India.

"Maua haya, fasi hii yote iko kwabo," alisema. "Hakuna muntu aliyaleta."

Halafu akaniona. Akashusha macho, akaendelea.

Watu walipiga makofi. Binti yangu pia.

Leo Godelive amekuja kula kwetu, kama kila Jumapili. Nimemkuta mlangoni na mwavuli wake, viatu vimejaa tope. Sikumtukana.

"Leo hapana, Godelive."

Nikafunga. Nilibaki nyuma ya mlango nikisubiri abishe tena. Nadhani ningemfungulia.

Hakubisha.

Binti yangu ameuliza mbona marraine hakuingia. Nimemwambia alikuwa na haraka. Kesho atauliza tena, na yeye ni mjukuu wa yule mtu aliyekuja na treni.

Nimwambie nini?