Kidole cha Shahada cha Musa

Lubumbashi, Bel-Air

Mama yangu mpendwa,

Nakuamkia kwa heshima. Je, kifua kimepona? Mihogo haikuoza kwa mvua? Mimi na mdogo wako Zaina, anayenilea hapa, ni wazima. Shuleni naendelea vizuri. Habari ngumu ni ya yaya Musa, kaka yangu. Alinikataza kukuandikia, lakini sasa amekubali.

Unajua kazi yake kiwandani ni kupiga picha za mabomba kwa mionzi, waone kama yameunganishwa vizuri. Mionzi hutoka katika kichuma kidogo kinachofungiwa ndani ya sanduku zito. Mwezi uliopita kichuma hicho kilichomoka kwenye waya wake, kikaanguka. Kipimo cha kuwaonya kilikuwa kimeishiwa betri. Musa alikiokota akidhani ni kipande cha msumari, akakigeuzageuza vidoleni, ndipo mwenzake akapiga kelele.

"Haikuwa moto, hata kiloko," alituambia jioni ile, akicheka.

Baada ya siku kumi vidole viwili vya mkono wa kulia vikawa vyekundu, vikatoka malengelenge. Mama Zaina akamtania: "Wee Musa, uliiba nyama mu sufuria ya nani?" Tulicheka sote. Alipoanza kulia kwa maumivu, tukampeleka hospitali.

Daktari anasema mionzi imeua nyama mpaka ndani. Lazima avikate vidole hivyo upesi, la sivyo mkono wote utaharibika. Musa amekataa, kwa sababu kimoja ni kidole cha shahada.

"Mama njo alinifundisha kukiinua mu sala," alisema. "Sitaki banikate bila yeye kujua."

Mwalimu wa msikiti alikuja kumweleza kwamba sala yake haitapungua. Musa akajibu, "Asante, mwalimu. Lakini ningoje kwanza neno ya mama."

Nisalimie bibi, na mdogo wangu wa mwisho, umbusu kwa niaba yangu.

Mama, usije mwenyewe. Njia ni ndefu na mkono hautangoja. Mfanyabiashara aliyekuletea barua hii anarudi huku baada ya siku mbili, mpe jibu. Liandike kwa mkono wako, Musa anaujua mwandiko wako. Mwambie umekubali. Na ukitaka kulia, lia barua ikishaondoka, wino usienee, asije akasema haisomeki.

Mwanao anayekukumbuka kila siku,
Mariamu